Maji ya Samaki na Sukuma Zilizoungua Kingo: Uchambuzi wa Kisa cha Ua Mmoja Kisauni

Ua wenyewe, ulioko Kisauni mjini Mombasa, umezungushiwa ukuta wa mawe ya matumbawe, kisima kiko pembeni na bwawa la saruji katikati. Bwawa lina urefu wa mita 3 na upana wa mita 2, na maji hufika kina cha sentimita 80, kwa hiyo hubeba lita 4,800. Humo mna tilapia 40, wastani wa gramu 150 kila mmoja. Barazani kuna tangi la kioo la samaki wa mapambo, sentimita 120 kwa 40, maji kina cha sentimita 35: lita 168. Mboga ziko kwenye ndoo 24 za lita 20 zilizotobolewa chini. Ndoo 16 ni za sukuma wiki, zimepangwa kando ya bwawa. Ndoo 8 ni za maharagwe, ziko barazani, na kila moja imekalishwa juu ya kisahani ili sakafu isilowe. Nyanya zimepandwa ardhini, kwenye kitalu cha mita 4 za mraba chini ya ukuta.

Utaratibu wa maji ulikuwa huu. Kila jioni mtungi mmoja wa lita 20 ulichotwa bwawani ukagawiwa sukuma na nyanya, na mahali usipotosha pakaongezwa maji ya kisima. Mara moja kwa wiki lita 40 za tangi la kioo zilimwagiwa maharagwe, kisha tangi likajazwa maji ya mfereji. Bwawa lilijazwa kutoka kisimani kila liliposhuka.

Mvua za vuli zilipokuwa zinanyesha, kila kitu kilistawi. Kaskazi ikaingia, jua la Januari na Februari likapiga, na kufikia Machi sukuma zilikuwa zimeungua kingo za majani, hudhurungi na kavu kama karatasi, kuanzia majani ya chini. Nyanya zilikuwa na majani machanga ya manjano yenye mishipa ya kijani, na matunda yakioza kitako. Maharagwe yalikuwa yamekufa yote. Wenye ua walihisi kwamba maji ya samaki yamekuwa makali kwa mbolea, wakaanza kuyazimua zaidi kwa maji ya kisima. Hali ikazidi kuharibika.

Dhana hiyo ya "ukali wa mbolea" ndiyo ya kuchunguzwa kwanza, maana husikika karibu kila mahali maji ya samaki yanapotajwa, na kuna njia ya kuihesabu.

Mbolea iliyomo ni kiasi gani hasa

Mbolea karibu yote iliyo katika maji ya samaki imetoka kwenye chakula cha samaki. Samaki hula protini, hubakiza sehemu ndogo mwilini, na sehemu kubwa ya naitrojeni huitoa kama amonia kupitia matamvua. Bakteria wanaokaa kwenye kichujio, changarawe na kuta hugeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Nitrati ndiyo mmea unaipenda na ndiyo isiyomdhuru samaki kwa urahisi. Kwa hiyo ukijua uzito wa chakula, unajua kikomo cha mbolea.

Tangi la kioo hupewa gramu 2 za chakula kwa siku, chenye protini asilimia 40. Hiyo ni gramu 0.8 za protini, na kwa kuwa asilimia 16 ya protini ni naitrojeni, inapatikana gramu 0.13. Takribani asilimia 70 huishia majini: gramu 0.09 kwa siku, gramu 0.6 kwa wiki. Karatasi ya kupimia ilionyesha nitrati kati ya miligramu 50 na 100 kwa lita, na hilo linaafikiana na hesabu. Basi lita 40 za kila wiki hubeba kama gramu 0.6 za naitrojeni. Mbolea ya dukani ya CAN ina naitrojeni asilimia 26 hivi. Gramu 0.6 ni sawa na CAN isiyojaa nusu kijiko cha chai. Kilo moja ya majani mabichi ya sukuma ina kama gramu 5 za naitrojeni, kwa hiyo maji ya wiki nzima ya tangi hili yanatosha kujenga gramu 120 za majani, fungu dogo. Ni kitu cha kuthaminiwa, na ni kosa kukimwaga, lakini si ukali wa kuunguza mmea.

Bwawa ni habari nyingine. Tilapia hawa hupewa gramu 120 za chakula cha protini asilimia 30 kila siku. Kwa hesabu ileile, karibu gramu 4 za naitrojeni huingia majini kila siku, gramu 120 kwa mwezi. Hiyo ni karibu nusu kilo ya CAN kila mwezi. Hata hivyo karatasi ya kupimia, ikichovywa bwawani, ilionyesha nitrati chini ya miligramu 10. Naitrojeni imekwenda wapi? Sehemu imo ndani ya ukijani wenyewe wa maji ya bwawa, maana mwani mdogo mdogo huila nitrati na amonia kabla ya mtu kuichota. Sehemu imelala chini kama tope pamoja na sehemu kubwa ya fosforasi. Nyingine imepotea hewani. Mtungi mmoja uliochotwa juujuu kwa siku, lita 20 kati ya 4,800, haukugusa akiba hiyo.

Kwa maneno mengine, sukuma hizi zilikuwa na njaa. Kuzimua kulizidisha njaa, na kama itakavyoonekana, kulizidisha na lile lililokuwa likiziunguza.

Chumvi

Kipima chumvi, kile kijiti cha kuchovya kinachosoma milisimensi kwa sentimita, kilitoa picha tofauti kabisa. Maji ya mfereji: 0.6. Kisima: 1.6. Bwawa: 2.6. Maji yaliyotoka chini ya ndoo ya sukuma baada ya kumwagiwa: 7.4. Maji ya chini ya ndoo ya maharagwe: 11.

Kwa anayetumia kile kipima cha bei nafuu kinachosoma ppm (sehemu kwa milioni), vingi huzidisha kwa 500, kwa hiyo 2.6 itaonekana kama 1,300. Vipimo vya umwagiliaji vinavyofuatwa duniani kote husema maji chini ya 0.7 hayana tatizo, kati ya 0.7 na 3 yanataka uangalifu, na juu ya 3 ni hatari kwa mazao mengi. Kisima cha ua huu tayari kilikuwa kwenye eneo la uangalifu kabla samaki hawajatiwa kwenye maji hayo. Visima vingi vya Mombasa viko hivyo au vibaya zaidi, kwa sababu mwamba wa matumbawe una matundu na maji ya bahari huingia chini ya maji matamu kila yanapovutwa kupita kiasi.

Lakini kutoka 1.6 hadi 2.6 chumvi imepandaje, na hakuna chumvi iliyotiwa bwawani? Jua ndilo lililofanya kazi hiyo. Maji yanapokuwa mvuke, chumvi hubaki. Bwawa la mita 6 za mraba likipoteza milimita 5 kwa siku hupoteza lita 30. Ukijaza lita 30 hizo kwa maji ya kisima, umeongeza chumvi ya lita 30 bila kuongeza maji. Njia pekee ya chumvi kutoka ni ile mitungi inayochotwa kwa ajili ya mboga. Na hapo ndipo kiini cha kisa kizima kilipo: kiwango ambacho chumvi ya bwawa itatulia ni chumvi ya maji unayojazia, mara jumla ya maji yanayotoka kwa mvuke na kwa kuchotwa, ukagawanya kwa yanayochotwa peke yake.

Ukichota lita 20 na jua likachukua 30, ni 50 kugawanya kwa 20: mara mbili na nusu. Maji ya kisima ya 1.6 yataishia kwenye 4.0 kama hakuna mvua. Kwa ukubwa wa bwawa hili safari hiyo huchukua miezi mingi, na ilikuwa bado njiani ilipopimwa 2.6 mwezi wa Machi. Ukichota lita 80 badala ya 20, ni 110 kugawanya kwa 80, chini kidogo ya mara moja na nusu. Watu wengi huchota kidogo wakidhani wanalinda bwawa. Ukweli ni kinyume. Bwawa linalochotwa sana hubaki na maji mepesi, samaki wake hupumua vizuri, na mboga hupata mbolea zaidi. Hapa maslahi ya samaki na ya mmea yanakwenda upande mmoja, na hilo ni jambo la kushikilia.

Ndani ya ndoo mambo yalikuwa mabaya mara tatu zaidi kwa sababu hiyohiyo. Mmea hunywa maji na kuacha sehemu kubwa ya chumvi udongoni. Kama kila mwagilio unaishia ndani ya ndoo na hakuna tone linalotoka chini, chumvi hurundikana, hata ile ya maji ya kisima ya kuzimulia. Ndiyo maana 2.6 iliyoingia ilitoka ikiwa 7.4. Kuna jambo moja zaidi lililogunduliwa: ndoo kadhaa zilikuwa zimejazwa makumbi ya nazi yaliyopondwa, kutoka kwa wasokotaji kamba. Makumbi ya kamba hulowekwa pwani kwenye maji ya bahari kwa miezi. Ni kitu kizuri sana cha kushika maji, lakini yasipooshwa kwa maji matamu mara tatu au nne huingia kwenye ndoo na chumvi yake.

Kingo za jani kuungua kuanzia majani makuukuu ni alama ya chumvi. Upungufu wa naitrojeni hufanya jani zima la chini kuwa manjano hafifu bila kukauka kingo. Sukuma za ua huu zilikuwa na zote mbili, ile ya pili ikiwa imefichwa na ya kwanza.

Maharagwe

Haya hayakuwahi kunywa maji ya bwawa. Yalikunywa ya tangi la kioo tu, na tangi hujazwa maji ya mfereji. Kwa nini basi yafe kwa chumvi ya 11?

Mwezi uliotangulia, samaki wa mapambo walishikwa na ugonjwa wa madoa meupe, na tangi likatiwa nusu kilo ya chumvi ya mezani. Ni tiba ya kawaida, gramu 3 kwa lita, na samaki walipona. Kisha zile lita 40 za kila wiki zikaendelea kwenda kwenye maharagwe kama kawaida. Lita 40 za kwanza zilibeba gramu 120 za chumvi. Za wiki ya pili, baada ya tangi kuongezewa maji ya mfereji, gramu 91. Za tatu, gramu 70. Jumla ni zaidi ya robo kilo ya chumvi kwenye ndoo 8, gramu 35 kila ndoo. Na visahani vilivyowekwa kulinda sakafu vilikinga maji yaliyotoka chini, udongo ukayanyonya tena usiku. Hakuna kilichotoka.

Maharagwe ni miongoni mwa mazao dhaifu zaidi kwa chumvi. Mavuno huanza kushuka chumvi ya udongo ikipita 1.0 tu. Pilipili hoho ni 1.5, kabeji 1.8 (na sukuma ni wa ukoo huohuo), nyanya 2.5. Bitiruti hufika 4.0, na spinachi inayouzwa masokoni mwetu, ile yenye bua pana jeupe, ni mmea wa jamii moja na bitiruti. Kunde huvumilia hadi karibu 4.9 kwa mavuno ya mbegu, ingawa majani yake machanga ni dhaifu kuliko hapo.

Chumvi angalau huoshwa. Dawa nyingine za samaki ni za kuogopwa zaidi. Maji yaliyotiwa dawa ya shaba, malakaiti ya kijani, fomalini, rangi ya bluu ya methilini au antibiotiki yasifike kwenye kitu chochote kitakacholiwa, hata yakizimuliwa. Shaba hukaa udongoni miaka. Malakaiti ya kijani imepigwa marufuku katika nchi nyingi kwa samaki wa kuliwa, na hakuna sababu ya kuiingiza kwenye mboga kwa mlango wa nyuma. Maji hayo yamwagwe mbali na kisima na mbali na bwawa.

Dawa ya tatizo hili ni ndoo ya wagonjwa. Mtoe samaki anayeumwa, mweke kwenye ndoo ya lita 20 yenye pampu ndogo ya hewa, na umtibu humo. Gramu 60 za chumvi zinatosha badala ya 504, na maji ya tangi kubwa yanabaki salama kwa mboga. Kwa madoa meupe kuna sharti: mdudu wake hupitia hatua ya kuogelea bila samaki, kwa hiyo samaki wote wahamishwe na tangi libaki bila samaki. Kwenye joto letu la nyuzi 28 hadi 30 mzunguko wake ni wa siku chache, lakini acha wiki mbili ili uwe na uhakika.

Nyanya

Majani machanga ya manjano yenye mishipa ya kijani ni upungufu wa chuma. Chuma kilikuwemo udongoni, ila kilikuwa kimefungwa. Udongo wa chini ya ukuta ule ulipimwa pH 8.2 (pH ni kipimo cha asidi: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni kinyume cha asidi), kwa sababu mabaki ya mawe ya matumbawe ni chokaa tupu, na bwawa la saruji lenyewe huongeza. Maji ya bwawa yalisoma 7.9 alfajiri na 8.9 saa tisa alasiri. Tofauti hiyo ya asubuhi na jioni husababishwa na ukijani, ambao mchana hula hewa ya kaboni iliyo majini na kupandisha pH.

Hapa kuna jambo la samaki pia ambalo halifai kupitwa. Amonia ina sura mbili, na ile yenye sumu huongezeka pH na joto vinapopanda. Katika nyuzi 30, pH ikiwa 7, chini ya asilimia 1 ya amonia yote ni ya sumu. Ikiwa 8.5, ni karibu asilimia 20. Kipimo kilekile cha amonia ambacho hakina neno asubuhi kinaweza kuwachoma samaki matamvua alasiri. Bwawa la kijani kibichi sana si la kujivunia.

Kuoza kitako ni upungufu wa kalisi ndani ya tunda, na wengi hushangaa kuuona kwenye udongo wa chokaa. Kalisi husafiri na maji tu. Chumvi ikizuia mizizi kunywa, au mwagilio ukiwa wa leo mwingi na kesho hakuna, tunda hukosa kalisi hata kama mzizi umezungukwa nayo. Kuongeza chokaa hapo ni kuongeza tatizo.

Vivyo hivyo majivu. Majivu ya jikoni yana potasiamu, na nyanya zinazozaa huihitaji kwa wingi kuliko maji ya samaki yanavyoweza kutoa, maana chakula cha samaki kina potasiamu kidogo. Kwenye udongo mwekundu wa bara wenye asidi majivu yanafaa. Kwenye udongo wa matumbawe wa Mombasa yanapandisha pH juu ya pH, na chuma kinafungwa zaidi. Kilichotumika hapa ni salfeti ya potasiamu, kijiko cha chai kwenye lita 10 za maji ya mvua, mara moja kwa wiki wakati wa kuzaa, na chuma cha dukani cha aina ya EDDHA, kilichotengenezwa ili kisifungwe na udongo. Aina hiyo ni ghali kuliko ile nyingine, EDTA, lakini EDTA huvunjika pH ikipita 6.5 hivi, na kwenye udongo wa 8.2 ni fedha iliyotupwa.

Hatua zilizochukuliwa

Kazi ya kwanza ilikuwa kuosha ndoo za sukuma. Visahani vyote viliondolewa, ndoo zikainuliwa juu ya matofali ili maji yatoke bila kizuizi. Kila ndoo ilimwagiwa lita 40 za maji ya mfereji, si kwa mkupuo mmoja, bali lita 10 mara nne ndani ya siku mbili, kusubiri kati yake. Mkupuo mmoja hupita kwenye nyufa na kuacha chumvi mahali pake. Ukingoja, chumvi huyeyuka na kushuka na maji yanayofuata. Maji ya chini yalishuka kutoka 7.4 hadi 1.9. Zilitumika lita 640 kwa ndoo 16, na kwa anayenunua maji ya mkokoteni hilo ni zigo. Anayeweza kungoja mvua za masika azitumie hizo. Udongo wa maharagwe haukuoshwa. Ulitandazwa chini ya mnazi, ambao hauogopi chumvi kiasi hicho, na ndoo zikajazwa upya.

Bwawani, theluthi moja ya maji, lita 1,600, ilitolewa kwa siku nne, lita 400 kwa siku, na kujazwa maji ya mfereji yaliyolala kwenye pipa wazi usiku kucha ili klorini itoke. Kipimo kilishuka hadi 1.9. Kubadilisha theluthi kwa siku moja kungewatikisa samaki kwa joto na pH, na samaki aliyetikiswa hupata magonjwa.

Baada ya hapo, badala ya mtungi mmoja, minne kwa siku. Lita 32 kwenye ndoo 16 za sukuma, lita 2 kila ndoo. Lita 24 kwenye kitalu. Kinachobaki kwa mnazi. Bwawa likajazwa nusu kisima, nusu mfereji, mchanganyiko wa 1.1. Kwa ile hesabu ya juu, linatulia kwenye 1.5 hata bila mvua. Kwa maji ya 1.5, sukuma inataka kama moja ya tano ya maji ipite na kutoka chini ya ndoo, yaani ukimwaga lita 2, vikombe viwili hivi vionekane vikitoka. Visipotoka, chumvi inabaki.

Maji sasa huchotwa chini, kwa mpira wa kipenyo cha milimita 16 uliofungwa kwenye fito, ncha ikiwa sentimita 2 juu ya sakafu ya bwawa. Mpira hujazwa maji kwanza, ncha zikazibwa kwa dole gumba, kisha ya nje ikashushwa chini ya usawa wa bwawa. Usinyonye kwa mdomo. Mitungi mitatu ni maji ya kawaida, mmoja hupitishwa polepole juu ya tope. Huo wenye tope, mweusi na mzito, huchanganywa sehemu moja kwa tano za maji na kumwagwa kwenye kitalu chini ya matandazo. Kwenye ndoo tope halifai bila kuchujwa kwa kitambaa: chembe zake huziba udongo na kufanya ukoko, na mizizi ikakosa hewa. Likinuka yai bovu, lina gesi ya sumu kwa mizizi na kwa samaki pia. Litandaze juani au liingize kwenye mboji wiki mbili kwanza. Tope la namna hiyo lisichokolewe bwawani wakati samaki wamo, hasa alfajiri, ambapo oksijeni iko chini kabisa.

Chakula kilipunguzwa hadi kile kinachokwisha ndani ya robo saa. Tilapia 40 kwenye mita 6 za mraba ni karibu 7 kwa mita, na kawaida ya bwawa lisilopigwa hewa ni 3. Samaki 15 wakubwa walivuliwa wakaliwa. Palepale tabia ya kupandia hewa juu ya maji kabla ya jua kuchomoza ikapungua.

Na paa lilianza kutumika. Bati la mita 40 za mraba hutoa lita 40 kwa kila milimita ya mvua, tuseme 32 baada ya upotevu. Mvua moja ya milimita 20 ni lita 640. Mombasa hupata karibu milimita 1,000 kwa mwaka, Mei ikiongoza, na maji hayo karibu hayana chumvi kabisa. Pipa lake limefunikwa kwa wavu mwembamba: mbu wa dengi huzaa kwenye mapipa safi ya nyumbani, na Mombasa imepatwa na milipuko ya dengi zaidi ya mara moja. Bwawani tilapia huwala viluwiluwi wenyewe. Pipa halina mlinzi.

Matokeo, na yasiyoondoka

Majani yaliyoungua hayakupona, na hayaponi kamwe. Yalichumwa na kutupwa. Majani mapya ya sukuma yalitoka safi ndani ya wiki nne, kijani kilichokolea zaidi kuliko hata wakati wa vuli, kwa sababu sasa yanapata naitrojeni ya chini ya bwawa. Nyanya zilirudi nusu. Chuma kilizifanyia kazi, lakini kitalu chini ya ukuta wa matumbawe kitabaki na pH yake, na ushauri wetu ni kuzihamishia kwenye ndoo msimu ujao, kitalu kiachiwe spinachi na mchicha.

Maji ya samaki yamwagwe udongoni, sio juu ya majani. Dania na kila kinacholiwa kibichi kinyweshwe maji ya mvua au ya mfereji tu, maana bwawa la wazi hutembelewa na ndege na mijusi, na vimelea wa tumbo huingia kwa njia hiyo. Mwenye kidonda mkononi avae glavu kabla ya kutia mkono tangini. Kuna bakteria wa samaki anayeingia kwenye mchubuko na kuacha uvimbe mgumu usiopona kwa miezi, na daktari asiyeambiwa habari ya samaki anaweza asimfikirie.

Kisima nacho hakijabadilika. Kinapimwa kila mwezi, na mwishoni mwa kaskazi ndipo husoma juu zaidi. Kikipita 2.0, bwawa lijazwe maji ya mfereji au ya mvua peke yake hadi masika. Ndoo 8 za barazani zimepandwa kunde badala ya maharagwe, zinakunywa maji ya tangi la kioo, na kabla ya kila lita 40 kipima chumvi huchovywa kwanza: ikisoma zaidi ya 1.2, maji hayo huenda kwa mnazi.